Mwalimu wa Watoto Wadogo Lazima Afundwe

Wapo wanaodai kwamba kufundisha watoto wadogo hakuhitaji ujuzi. Hiyo ni kasumba, na hatuna budi kuipiga vita. Mtoto wa Ngara aliyelelewa kwa Kihangaza, akikaririshwa herufi za Kiswahili kwa kiboko, hujifunza woga kabla ya kusoma.

Mwaka 1907, katika mtaa wa mafukara wa San Lorenzo mjini Roma, Daktari Maria Montessori alifungua nyumba ya watoto. Humo mtoto alijichagulia kazi na kujifunza kwa mikono yake. Mwalimu alimtazama na kumwongoza. Kwa hiyo umaskini si kisingizio. Maharagwe ya kuhesabia, vijiti na udongo wa kufinyangia herufi havitoki Ulaya. Vimejaa Ngara na Biharamulo. Lakini vifaa hivyo ni bure mbele ya mwalimu asiyefundwa kuvitumia.

Sera ya Elimu ya mwaka 2014 iliufanya mwaka mmoja wa elimu ya awali kuwa wa lazima. Je, ni haki kumlazimisha mtoto aende shule, kisha kumkabidhi kwa mtu wa kubahatisha? Halmashauri zetu zitenge fedha za mafunzo hayo. Wahenga walisema samaki mkunje angali mbichi, hawakusema avunjwe.