Mafua Hayakupitia Dirishani

Nyumba ikiingiliwa na mafua, kitu cha kwanza kutafutwa si dawa bali mshitakiwa. Feni iliachwa ikizunguka usiku kucha. Mtoto alinyeshewa akitoka madrasa. Shangazi alikuja Jumapili kumtazama mtoto mchanga, akapiga chafya pale pale mlangoni. Nimehudhuria kesi nyingi za aina hii, na mara moja mbili mshitakiwa nilikuwa mimi, nikahukumiwa kwa kunywa maji ya friji. Leo naomba rufaa.

Wanasema: ni baridi. Dai hili ni kongwe kuliko mengine yote, na lugha yenyewe inalibeba: mtu kapigwa na baridi, upepo umemwingia. Mwaka 1946 Waingereza walifungua kituo cha kuchunguza mafua huko Salisbury, na mmoja wa walioongoza kazi hiyo alikuwa daktari Christopher Andrewes. Watu waliojitolea walilazwa pale siku kadhaa na kutiwa matone yenye virusi puani. Wengine walirowanishwa kwanza, kisha wakasimamishwa ushorobani penye upepo, maji yakiwachuruzika. Baridi peke yake haikumpa mtu mafua. Walitetemeka tu, maskini, wakarudi vitandani wakiwa wazima. Wapo watafiti wanaosema pua iliyopoa sana hujilinda vibaya, na huenda ni kweli. Lakini hata pua hiyo haiugui mpaka virusi viifikie, na virusi havitoki kwenye feni. Vinatoka kwa mtu.

Sisi wa Pwani tuna ushahidi wa karibu zaidi. Kilifi kuna virusi viitwavyo RSV, ambavyo kwa mtu mzima ni mafua ya kawaida na kwa mtoto wa miezi michache vinaweza kuwa nimonia. Wimbi lake kwa kawaida huanza kuelekea mwisho wa mwaka, kaskazi ikivuma na jua likichoma. Kama baridi ndiyo mama wa mafua, wakati huo watoto wetu wangekuwa salama kabisa.

Basi ni mgeni, wanasema. Shangazi wa watu! Hapa nitakaa kidogo, kwa sababu jibu lilipatikana nyumbani kwetu. Kuanzia Desemba 2009 hadi Juni 2010, watafiti wa kituo cha utafiti cha KEMRI na Wellcome walizifuata familia za vijijini Kilifi: nyumba 47, watu karibu 500. Kila siku tatu au nne walipita wakichukua sampuli puani mwa kila mtu, mgonjwa na mzima, babu na mjukuu. Fikiria uvumilivu wa familia hizo, kuingizwa kijiti puani mara mbili kwa wiki kwa miezi sita. Kwa kulinganisha nani alianza na nani akafuata, watafiti wakaweza kufuatilia njia ya virusi kutoka pua hadi pua. Miongoni mwa watoto wachanga walioambukizwa RSV, zaidi kidogo ya nusu walionekana kuvipata kwa mtu wa nyumba hiyo hiyo. Na aliyeviingiza nyumbani, mara nyingi, alikuwa kaka au dada wa mtoto huyo, hasa wa umri wa kwenda shule.

Kikulacho ki nguoni mwako. Tena ki nguoni kwa maana halisi: ni yule wa darasa la pili anayerudi saa tisa, anatupa mkoba, anakimbilia kumbusu mdogo wake kabla hajanawa. Haina maana kwamba wageni hawaambukizi. Mgeni mwenye kikohozi asimbebe mtoto, na asiyeelewa aelezwe kwa adabu. Lakini nyumba inayomfungia shangazi mlango na kumwacha wa darasa la pili apite imelinda mlango usio wake.

“Mbona huyo wa shule hakuwa mgonjwa?” Swali zuri. Anayeumwa homa ya mafua, ile flu yenyewe, huanza kuambukiza siku moja hivi kabla hajahisi chochote. Na katika zile nyumba za Kilifi, takriban mara 4 katika kila 10 za maambukizi ya RSV, mwenyewe hakuwa na dalili yoyote: hana kamasi, hana kikohozi, anakula vizuri, anacheza kati. Asiye na dalili kwa kawaida hutoa virusi vichache zaidi, kwa hiyo siwatishi. Ninachosema ni kwamba kusubiri chafya ya kwanza ndipo tuanze kunawa mikono ni kufunga banda ng'ombe ameshatoka.

Kuna na nyumba zinazojiona hodari kwa sababu zimetenga kikombe cha mgonjwa. Kikombe chake, kijiko chake, hata sahani ina alama. Usiku unapofika, watu watano wanalala chumba kimoja, madirisha yamefungwa kwa kuogopa mbu na wezi. Sicheki, mbu na wezi wapo. Lakini mtu akikohoa, akiongea, hata akipumua tu, hutoa vitone. Vizito huanguka karibu, na vyepesi mno huelea hewani kama moshi wa udi. Surua ndiyo bingwa wa hilo: virusi vyake vinaweza kukaa katika hewa ya chumba hadi saa 2 baada ya mgonjwa kutoka. Mafua mengi hayafiki huko, ila hewa iliyofungiwa huyasaidia yote. Wavu wa mbu dirishani unaoruhusu upepo kupita, na mlango wa upande wa pili uliofunguliwa mchana kutwa, vina kazi kubwa kuliko kikombe chenye alama. Kisha mikono. RSV huweza kuishi saa kadhaa kwenye kitu kigumu kama meza au mwanasesere, na mtoto hugusa kitu, kisha jicho, kisha pua. Sabuni ya kipande inatosha.

Lililobaki wanasema kwa kukata tamaa: akishapata mmoja, tutapata wote, ya nini kuhangaika. Si kweli. Katika tafiti nyingi za homa ya mafua zilizofanywa majumbani, walioambukizwa na mgonjwa wa kwanza ni chini ya nusu ya wale wanaoishi naye. Na hata kama mtoto mchanga ataipata siku moja, kuchelewesha si kazi bure. Njia zake za hewa ni nyembamba mno katika miezi 6 ya kwanza. Kamasi inayomsumbua kakake inaweza kumziba yeye.

Mengine nayapitia haraka. Mama mwenye mafua asiache kunyonyesha: maziwa yanampelekea mtoto kinga, na anachohitaji mama ni kufunika pua na mdomo na kunawa mikono. Amoksilini iliyobaki ya mwaka jana haiui virusi, kwa hiyo kuigawa nyumba nzima ni kuiharibu dawa bure. Kujifukiza huweza kumpa mtu mzima nafuu ya pua, lakini hakuui virusi, na sufuria ya maji yanayochemka karibu na mtoto imeunguza wengi.

Wenye mtoto mchanga ndani, nawaomba mshike hesabu moja. Akiwa ametulia, halii, fungua nguo kifuani na uhesabu anavyopumua kwa dakika nzima. Chini ya miezi 2, pumzi 60 au zaidi ni nyingi mno; kuanzia miezi 2 hadi asitimize mwaka, ni 50; kuanzia mwaka mmoja hadi asitimize mitano, ni 40. Ukifika idadi hiyo, au ukiona kifua kinabonyea ndani kila anapovuta hewa, au amekataa kunyonya, acheni kesi ya feni. Mpelekeni hospitali usiku huo huo.