Kigoda Kilichokaa Sebuleni Kwangu



Jumamosi moja jioni, nikiwa naandaa mahubiri ya Dominika, kijana mmoja alipiga hodi nyumba ya mapadri. Alikuwa ametoka Muleba kuja Bukoba kwa basi la mchana. Nilidhani anakuja kuandikisha ndoa, nikamkaribisha sebuleni. Hakukaa. Alisimama akitazama pembeni mwa kabati la vitabu, kilipokuwa kigoda cha zamani kilichochongwa katika gogo moja, cheusi kwa moshi wa miaka mingi.

"Padri, samahani sana," akasema kwa upole. "Nadhani hicho ni kigoda cha babu yetu."

Akaeleza kwamba baba yake amefariki. Siku ya kumtambulisha mrithi, yule tunayemwita omusika, wazee wa ukoo wao humkalisha kwenye kigoda hicho mbele ya ndugu wote. Walikitafuta nyumba nzima wasikione, mpaka shangazi yake akakumbuka kwamba bibi alimpa padri.

"Tumekuja kukiazima, Padri. Siku moja tu. Tutakirudisha."

Ndugu zangu, nimesikia maungamo ya watu kwa miaka mingi. Jioni ile neno hilo moja, "kukiazima", lilinifanya mimi niwe wa kuungama. Mwenye mali alikuja kuazima mali yake kwangu, tena kwa kuomba radhi.

Nitawaambia kilivyofika kwangu. Nilikuwa padri kijana katika parokia moja ya Muleba. Nilikwenda kumtembelea mjane mmoja mzee, akanikalisha kwenye kigoda hicho. Nikakisifia. Nilipokwenda mara ya pili nikakisifia tena. Mara ya tatu, nilipokuwa naaga, akamwita mjukuu wake akibebe hadi kwenye gari. Mnawajua mama zetu: padri haondoki mikono mitupu. Leo ni mkungu wa ndizi, kesho kuku, na siku ile ilikuwa kigoda. Nikashukuru, nikaondoka. Sikuuliza kilikuwa cha nani, wala nani angepaswa kukikalia baadaye.

Sikuiba. Lakini mtu mwenye heshima akisifia mara tatu kitu cha maskini, hiyo si sifa tena, ni ombi. Nami nililijua hilo moyoni.

Baadaye vilifuata vingine: ndeku ya kunywea rubisi yenye shingo ndefu, chombo cha mti cha kukamulia maziwa, mkuki mmoja. Wageni wakija walivishika na kuvishangaa, nami nikafurahi. Nilikuwa mkusanyaji wa vitu vya kale bila kujiita hivyo.

Je, kukusanya vitu vya kale ni dhambi? Hapana. Kupenda kazi nzuri ya mikono ya mtu ni njia mojawapo ya kumshukuru Mungu aliyempa mtu huyo mikono. Wala si jambo la kuletwa na wageni. Stanley alipofika Karagwe mwaka 1876, Mtawala Rumanyika alikuwa na nyumba yake ya hazina yenye vitu vya chuma na shaba vilivyofuliwa kwa ustadi mkubwa. Na ng'ambo ya ziwa, pale Bujora karibu na Mwanza, Padri David Clement wa Shirika la Wamisionari wa Afrika alijenga makumbusho ya Wasukuma, palepale kwenye misheni. Ngoma na viti vya watemi vinatunzwa katikati ya Wasukuma wenyewe, na mtoto wa Kisukuma anaweza kwenda kuviona kwa miguu.

Tofauti iko hapo. Swali si kwamba umekusanya au hukukusanya. Swali ni hili: baada ya wewe kukichukua, wenyewe wamebaki na nini?

Nilipokuwa natafakari hayo nilimkumbuka Mkristo mmoja Mjapani niliyewahi kusoma habari zake, Asakawa Takumi, Mmethodisti. Mwaka 1914 alikwenda Korea, nchi iliyokuwa chini ya utawala wa Japani kama sisi tulivyokuwa chini ya Wajerumani. Kazi yake ilikuwa misitu. Wajapani wengi wenye fedha walivipenda vyombo vya kale vya udongo vya Korea, wakavinunua na kuvipeleka kwao. Asakawa naye alivipenda, pamoja na meza ndogo za mbao ambazo Wakorea walilia chakula. Lakini alijifunza Kikorea, akavaa mavazi ya Kikorea, akawauliza wenyewe jina la kila chombo na kazi yake, akaandika kitabu kuhusu meza hizo na kingine kuhusu majina ya vyombo. Mwaka 1924 yeye na rafiki yake Yanagi Muneyoshi walifungua makumbusho mjini Seoul, ili vitu vya Wakorea vibaki Korea. Alifariki mwaka 1931 akiwa na umri wa miaka 40, na Wakorea wenyewe walibeba jeneza lake. Kaburi lake liko huko hadi leo.

Yeye alikuwa mtu wa taifa linalotawala, na aliuliza majina. Mimi ni mtoto wa Kagera, na sikuuliza.

Maandiko Matakatifu yanatuonyesha wakusanyaji wa namna mbili. Katika kitabu cha Danieli, sura ya 5, Mfalme Belshaza anaagiza vyombo vilivyotwaliwa katika Hekalu la Yerusalemu viletwe karamuni, wanywee divai yeye na wakuu wake. Kwa Wayahudi vilikuwa vyombo vya sala. Kwake vilikuwa pambo la meza. Usiku uleule ufalme wake ukaanguka. Kisha, katika sura ya kwanza ya Ezra, Mfalme Koreshi anavitoa vyombo vilevile, anaamuru vihesabiwe, na kuwakabidhi watu wanaorudi kwao. Biblia inataja hata idadi: 5,400. Nilipokuwa mseminari niliruka hesabu hizo nikiziona hazina maana ya kiroho. Sasa naona kwamba kuhesabu nako kulikuwa haki. Huwezi kurudisha usichokiandika.

Mwenye kuuza naye ana somo lake. Nabothi aliahidiwa bei nzuri kwa shamba lake la mizabibu. Mfalme Ahabu alikuwa tayari kulipa fedha taslimu au kutoa shamba jingine bora zaidi. Nabothi alikataa, kwa sababu urithi wa baba zake haukuwa wake peke yake. Ulikuwa pia wa waliomtangulia na wa watakaomfuata.

Nasema hivi kwa sababu biashara hii ipo. Huja mtu kwa pikipiki, mwenye maneno matamu, akiuliza kama nyumbani kuna vitu vya zamani. Humkuta kijana mwenye shida ya ada au ya dawa, humpa noti mbili tatu, na ngoma ya babu inaondoka kabla wazee hawajarudi kutoka msibani. Sheria yetu ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964 inakataza kuuza au kutoa nje ya nchi vitu vya kale inavyovilinda bila kibali. Lakini sheria hailali nyumbani kwako. Anayelala pale ni wewe.

Na Kanisa je? Tuwe wakweli. Misheni ilipoanza Kashozi mwaka 1892, imani ilitufikia kama mwanga, na tunamshukuru Mungu. Lakini tulifundishwa pia kuviogopa vitu vya wazee wetu vyote kwa pamoja. Kilichokuwa cha kuabudia mizimu na kilichokuwa cha kukamulia maziwa tuliviweka kapu moja. Vingine vilichomwa moto. Vingine, ajabu, vilionekana vibaya vikiwa msongeni kwa bibi, lakini vizuri vikiwa kwenye kabati la kioo.

Kanisa lenyewe linajifunza. Mwaka 1925 Papa Pius wa 11 aliandaa Roma maonyesho makubwa ya vitu vilivyotumwa na wamisionari kutoka pande zote za dunia, na vingi vilibaki Vatikano. Mwaka 2023 Papa Fransisko alilikabidhi Kanisa la Kiorthodoksi la Ugiriki vipande vitatu vya mawe vya hekalu la kale la Athene. Akiongea na waandishi wa habari mwaka huohuo, alilihusisha suala la kurudisha vitu vya namna hiyo na Amri ya Saba. Mwaka 2025 Papa Leo wa 14 aliwakabidhi maaskofu wa Kanada vitu 62 vya watu wa asili wa nchi hiyo. Ikiwa Roma inafungua makabati yake, padri wa Bukoba ana udhuru gani?

Basi nawaomba mambo matatu.

Kwanza, wenye familia: waulizeni wazee wangali hai. Chukua daftari la mtoto wa shule, andika kila kitu cha kale kilichomo nyumbani: jina lake kwa Kihaya, aliyekitengeneza kama anajulikana, aliyekitumia, na lini. Kitu kisicho na jina huuzwa kwa urahisi.

Pili, kama shida imekubana mpaka unataka kuuza, usiuze usiku. Waite ndugu. Ongea na jumuiya yako ndogo ndogo. Ni afadhali jumuiya ichange ada ya mtoto kuliko ukoo kupoteza kumbukumbu yake. Na kama nyumbani hakuna mahali salama pa kutunza, tuna Makumbusho ya Kagera hapa hapa Bukoba. Nenda ukaulize namna ya kukihifadhi kwa jina la ukoo wako.

Tatu, sisi mapadri, watawa, na ninyi mliofanikiwa mjini mnaopenda kupamba sebule kwa vitu vya kijijini: tujiulize vilitufikiaje. Si vyote ni vya kurudisha. Kuna zawadi iliyotolewa kwa moyo huru na familia nzima ikijua. Ipokee, itunze, isimulie. Lakini kuna zawadi iliyotolewa kwa aibu ya kumnyima mkubwa. Hiyo unaijua.

Kigoda hakikuazimwa. Nilikibeba mwenyewe hadi kwao siku ya arobaini ya marehemu, nikaomba radhi mbele ya ukoo. Bibi yule alikuwa ametangulia mbele ya haki, nami sikupata nafasi ya kumwambia mwenyewe. Hilo litabaki juu yangu. Shangazi alikipokea kwa mikono miwili, akakipangusa kwa khanga yake, akakiweka mahali pake bila kusema neno. Mrithi alipokalishwa, nilikaa kwenye benchi pamoja na majirani.

Nyumbani kwangu kumebaki ndeku, chombo cha maziwa na mkuki. Nimejaribu kukumbuka walionipa, nikamkumbuka mmoja tu. Wengine nimewasahau, na hiyo ndiyo adhabu ya mtu asiyeandika. Kama wewe au mzazi wako mliwahi kumpa padri kijana kitu cha namna hiyo huko Muleba, njoo nyumba ya mapadri. Usije kuazima. Njoo uchukue, na kabla hujaondoka uniambie jina lake.

Nawatakia Dominika njema.