Utani Usio na Uso

Kila mara wanawake wa chuo kikuu wanaposimama kudai heshima yao, hutolewa jibu lile lile: kwamba hayo ni mambo ya kizungu, kwamba mwanamke wa Kiafrika hakuzoea kupaza sauti hadharani, na kwamba wasomi wa kike wameyaokota vitabuni. Jibu hilo hutolewa kwa kujiamini, na aghalabu hutolewa na watu ambao hawajaukanyaga mwambao wa Ziwa Nyasa.

Na wauendee. Kuanzia Lituhi hadi Liuli na Mbamba Bay, wanaume wana mganda, ngoma iliyoiga gwaride la askari wa kikoloni. Wanawake nao wana kioda. Hujipanga safu, wakawa na viongozi wao, na nyimbo zao hugusa mambo ya ndoa, ya kijiji na ya wakubwa. Anayeimba anaonekana na kila mtu. Anayeguswa anajua kaguswa na nani, na akitaka kujibu, njia i wazi. Hakuna Mzungu aliyewafundisha hayo.

Na wapande kutoka ziwani hadi milima ya Umatengo, huko Mbinga, wakatazame ngoro, yale mashimo yaliyopangwa kama sega la nyuki ili mvua isiuchukue udongo wa mteremko. Mwanamume hufyeka nyasi na kuzipanga miraba. Mwanamke ndiye ashikaye jembe, akazifukia kwa udongo na kupanda maharage. Kahawa ilipokuja, fedha yake kwa muda mrefu iliingia mkononi mwa mwanamume. Kwa hiyo binti wa Mbinga au wa Nyasa anapofaulu skuli, akapita Songea na kushika njia ndefu ya Dar es Salaam, nyuma yake lipo jembe la mama yake. Anayemvunja moyo binti huyo anavunja kazi ya miaka ishirini ya mtu mwingine.

Sasa huko aendako kuna nini? Mwezi wa Februari 1990 alifariki Levina Mukasa, mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Alijiua baada ya kuandamwa na “Mzee Punch”. Punch halikuwa jina la mtu. Lilikuwa jina walilojifichia wanafunzi wa kiume waliobandika ukutani michoro na maneno machafu juu ya wenzao, khasa wanawake, na khasa mwanamke aliyethubutu kumkataa mwanamume. Aliyebandikwa alitengwa, na aliyemwonea huruma alijua kwamba zamu yake inafuata.

Utetezi wa Punch ulikuwa mmoja: ni utani, ni kejeli, ni fasihi ya ukutani. Hapa ndipo wapenzi wa ushairi wanapohusika, maana jina la sanaa yao lilitumiwa kufunika jeraha. Utani una sheria zake, na watu wa kusini wanazijua vyema. Mtani huja msibani mchana kweupe, akakejeli, kisha akashika jembe kuchimba kaburi. Hutaniwa anayeweza kutania. Malenga wa pwani nao wamelumbana kwa mashairi makali kuliko matusi, lakini kila beti ilikuwa na mwenyewe, na kila swali lilingoja jawabu. Hata mpasho wa taarabu humwacha mpashwa na nafasi ya kwenda kutunga wake. Ukiondoa uso wa msemaji, ukaondoa na haki ya kujibu, kinachobaki ni kundi la watu gizani na mtu mmoja peke yake kwenye mwanga. Kukiita kitu hicho utani ni kuwatukana watani.

Itasemwa kwamba hapo mwanzo Punch iliwachokoza wakubwa wa chuo. Na iwe hivyo. Sifa hiyo inaidhalilisha zaidi, kwa sababu silaha iliyodaiwa kutengenezwa kwa ajili ya wenye nguvu iliishia kuelekezwa kwa msichana mwenye umri mdogo aliyekuja kusoma.

Waliokataa kunyamaza walikuwa wanawake, wakiwemo waandishi wa habari wa TAMWA, chama kilichoanzishwa mwaka 1987. Mmoja wa waasisi wake, Fatma Alloo, ni mtu wa Zanzibar, na jarida lao walilipa jina la Sauti ya Siti. Jina hilo halikuchaguliwa ovyo. Katika miaka ya kati ya vita viwili vya dunia, Siti binti Saad aliimba habari ya Kijiti, mwanamume aliyemuua mwanamke mgeni kisha akakimbia, huku waliokwenda mahakamani kutoa ushahidi, wanawake, wakaishia wao kuadhibiwa. Anayedai kwamba kilio cha wanawake wa vyuoni kimetoka ng’ambo basi na aseme Siti, mzaliwa wa Fumba, alikisoma katika kitabu gani.

Na mkasa ule wa Kijiti haujazeeka. Sheria ya Makosa ya Kujamiiana ilitungwa mwaka 1998. Sheria ya kuzuia rushwa ya mwaka 2007, katika kifungu chake cha 25, ikaitaja wazi rushwa ya ngono kuwa kosa. Hata hivyo Novemba 2018, wakati Rais Magufuli akifungua maktaba mpya ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, mhadhiri wa sanaa Vicensia Shule aliandika hadharani kwamba rushwa ya ngono imekithiri chuoni hapo. Aliitwa yeye ajieleze. Shahidi kwanza, mtuhumiwa baadaye: ndivyo Siti alivyoimba.

Mwalimu anayedai mwili wa mwanafunzi ili ampe alama ni ndugu wa Mzee Punch. Mmoja alijificha nyuma ya ukuta, mwingine nyuma ya mlango wa ofisi. Wote wawili wanategemea kwamba binti ataona haya kusema. Na ukuta wenyewe umehamia kwenye simu, ambako picha ya msichana huzunguka vyumba vyote vya bweni kabla hajaamka.

Dawa inajulikana, wala si ghali. Karatasi za mtihani zisahihishwe kwa namba pasipo jina, na msahihishaji asiwe mmoja. Malalamiko yapokewe na watu walio nje ya idara ya mlalamikiwa. Anayesema asiadhibiwe kabla ya anayetuhumiwa kuulizwa. Vyuo visivyotaka kufanya hata hayo matatu viache kuwaalika wazee wa Mbinga kuja kushangilia mahafali.

Na washairi nao wana fungu lao. Wakatae kuuita ukatili kwa jina la kejeli, wakatae kuucheka ubeti unaomvizia mtu asiyeweza kujibu. Mwenye neno juu ya mwanamke na alitoe kama linavyotolewa katika kioda, uwanjani, kwa uso wake mwenyewe, kisha akae asikilize atakavyojibiwa.