Wimbo wa Kuagizwa na Wimbo wa Kudumu

Kila mwaka, shule zetu za Kwale zinapojiandaa kwa tamasha la muziki, walimu huletewa maudhui ya kutungia nyimbo: kodi, uchaguzi, amani, mazingira. Mashirika ya umma hudhamini, watoto hukariri, waamuzi hutoa alama, na washindi hurudi na vikombe. Baada ya wiki chache, huku kwetu Wasini humsikii mtoto akiuimba wimbo ule njiani wala ndani ya mashua iendayo Shimoni. Umekufa pamoja na makofi yake.

Wapo wasemao kuwa sababu ni moja tu: wimbo ulioagizwa hauwezi kuwa na uhai, kwa kuwa sanaa haipokei amri. Kauli hiyo ina utamu wake, lakini mimi siikubali. Ushahidi wangu hauko mbali. Uko ng'ambo ya pili ya mpaka wa Lunga Lunga, katika nyimbo za Tanzania ya enzi za Ujamaa.

Mwaka 1964, Chama cha Wafanyakazi cha NUTA kiliunda bendi yake, NUTA Jazz, ambayo wanamuziki wake walilipwa mshahara kama wafanyakazi wengine. Mwaka 1965 serikali ikaishika redio na kuiita Radio Tanzania Dar es Salaam. Azimio la Arusha lilipotangazwa mwaka 1967, njia ilikuwa imekwisha kufunguliwa. Polisi walikuwa na bendi, jeshi lilikuwa na bendi, kiwanda cha nguo cha Urafiki kilikuwa na bendi, umoja wa vijana wa chama ulikuwa na Vijana Jazz. Mlimani Park, iliyoanza mwaka 1978, ilikuja kumilikiwa na shirika la umma la DDC. Kwa ufupi, gitaa lilikuwa mali ya mwajiri, na mwajiri alikuwa umma.

Bendi hizo ziliagizwa, na ziliitika. Ziliimba sifa za chama, zikahimiza kilimo, zikalaani uvivu na ulanguzi. Mashairi yalipitiwa na wakaguzi wa redio kabla ya kurekodiwa. Hata hivyo, ni bendi hizohizo zilizotuachia nyimbo za ndoa iliyovunjika, za mume mlevi, za mgeni aliyepotelea mjini, za rafiki aliyesahau wema. Sauti za Muhiddin Maalim Gurumo na Hassan Rehani Bitchuka hazikuenea Afrika Mashariki kwa sababu ya mihuri ya ofisi. Zilienea kwa sababu msikilizaji alijiona ndani ya maneno yao.

Siri yao ilikuwa nini? Naona mambo mawili. Kwanza, mshahara uliwapa muda wa kufanya mazoezi, kutunga kwa pamoja, kubishana juu ya neno moja na kulibadilisha. Pili, bendi iliyopiga mchana kwenye mkutano wa chama ilipiga usiku kwenye ukumbi wa dansi, mbele ya watu waliolipa kiingilio chao. Huko hakuna aliyelazimishwa kusimama na kucheza. Wimbo mbovu uliachiwa sakafu tupu.

Sisi watu wa kusini ya pwani tulikuwa miongoni mwa wasikilizaji hao. Tanga ni jirani yetu. Ndiyo iliyotupa dansi la Atomic Jazz na Jamhuri Jazz, na taarabu ya Black Star na Lucky Star iliyomkuza Shakila. Mpaka ulipofungwa mwaka 1977, ukakaa hivyo hadi 1983, ndugu walitengana na ndugu, lakini mawimbi ya redio hayakuulizwa pasi. Na tukumbuke kinyume kimoja cha historia: nyingi za nyimbo hizo za nchi ya kijamaa zilitiwa kwenye sahani za santuri mjini Nairobi, katika viwanda vya kibepari, kwa kuwa Tanzania haikuwa na kiwanda cha kazi hiyo.

Mambo haya hayakuwa ya Tanzania peke yake. Katika Hungaria ya kijamaa, György Aczél, aliyesimamia utamaduni, aliigawa sanaa mafungu matatu: inayosaidiwa, inayovumiliwa na inayopigwa marufuku. Vijana wa bendi za Illés, Omega na Metro walionekana katika filamu ya muziki ya mwaka 1967, Ezek a fiatalok, kwa idhini ya dola. Illés walipoikosoa nchi yao walipohojiwa London mwaka 1970, walifungiwa. Walibaki vipenzi vya watu hata hivyo. Dola iliweza kuwapa jukwaa na kuwanyang'anya, lakini haikuweza kuamua nani apendwe.

Sisemi haya ili kuipamba enzi hiyo. Mwaka 1969 muziki wa soul ulipigwa marufuku Dar es Salaam, na wanamuziki wengi wamezeeka bila kunufaika na kazi zilizowapa wengine furaha. Wala Mkenya asimcheke jirani yake. Sisi hatukuwa wajamaa, lakini katika enzi ya Rais Moi kwaya zetu zilimwimbia kiongozi asubuhi na jioni. Sifa za kuagizwa hazina itikadi.

Basi kwa walimu nasema hivi. Msikatae maudhui mnayoletewa, maana kodi na uchaguzi ni mambo ya maisha yetu. Kateni ile tabia ya kukabidhi watoto kaulimbiu iliyotiwa mahadhi. Mwulizeni mtoto kodi inamgusaje babaye mvuvi anapofikisha samaki sokoni, kisha atunge kutoka hapo, kwa Kivumba chake akitaka. Wimbo ukiisha, upelekeni kwanza barazani na harusini kabla ya kuupeleka kwa waamuzi. Wazee wakiguna, rudini mkautengeneze.

Nanyi wanafunzi, mnaposoma nyimbo katika fasihi simulizi, msiishie kwenye bembezi na nyimbo za kazi. Ziendeeni nyimbo za dansi na taarabu za enzi ile, na kwa kila mmoja ulizeni maswali matatu: nani aliulipia, nani aliuruhusu, na nani aliendelea kuuimba baada ya mlipaji kuondoka? Waliozicheza nyimbo hizo zilipokuwa mpya wangali nasi, lakini hupungua mwaka hadi mwaka. Jibu la swali la tatu wanalo wao, na halijaandikwa popote.