Subira ya Askari na Garimoshi Dogo

Askari akimaliza zamu yake hubaki na saa ambazo hakuna amri inayozijaza. Saa hizo ndizo zimjengazo au zimbomoazo. Sote twajua mara nyingi zinakoishia: kwenye pombe, kwenye karata za fedha, na penginepo kwenye ugomvi ambao asubuhi yake mkuu wa kikosi hana budi kuusikiliza. Leo tunapenda kuzungumzia kazi ya mikono ambayo kwa mtazamo wa kwanza ni mchezo wa watoto: kuunda garimoshi dogo la mvuke kwa mabati yaliyochongwa kwa asidi.

Kazi hii tuliianza tulipokuwa Jinja, mji uliokua pamoja na reli. Mwaka 1912 ilifunguliwa reli ya Busoga kutoka Jinja hadi Namasagali, na mwaka 1931 daraja la reli juu ya mto Naili likaiunganisha Kampala na Mombasa. Garimoshi letu halikuja likiwa zima. Ndani ya sanduku mlikuwa na mabati bapa ya shaba, membamba kama kadi, magurudumu sita na kitabu cha michoro.

Mabati hayo hayakukatwa kwa msumeno. Kiwandani bati hupakwa dawa inayobadilika kwa mwanga, mchoro ukapigwa juu yake kama picha, kisha likatiwa asidi. Mahali pasipofunikwa huliwa. Pale panapotakiwa kukunjwa, asidi huachiwa ile upande mmoja tu, ukabaki mfereji mwembamba. Kwa kawaida mfereji huo huwekwa upande wa ndani wa kunjo, na bati hukunjwa mara moja.

Bati letu la kwanza tulilikunja kinyume, usiku, tukiwa bado na hasira za mchana. Tulipojaribu kulirudisha, likakatika. Mchana wa siku hiyo tulikuwa tumemkaripia kuruta mmoja mbele ya wenzake, kwa kosa ambalo baadaye tuligundua kuwa halikuwa lake. Bati tuliliunga kwa risasi ya kulehemu, na leo kovu lake halionekani. Kijana yule tulimwomba radhi mbele ya wale wale waliosikia karipio. Lakini tunakiri kwamba hakututazama tena kama zamani. Sisi askari twaijua risasi itenganishayo. Hii ya mezani huunga, lakini huunga chuma tu.

Baadaye tulihamishiwa Mbale, sanduku letu mkononi. Mbale nao ni mji wa reli, kwani njia ya kutoka Tororo hadi Soroti, iliyofunguliwa mwaka 1929, hupita hapo. Huko magurudumu yetu yaligoma kuzunguka. Tukayasukuma kwa nguvu, fito ikapinda. Mzee mmoja aliyestaafu kazi ya reli alitutazama, akasema: “Afande, ukisukuma hutajua kinachokwama. Fungua fito, uzungushe jozi moja moja.” Tukafanya hivyo. Tundu moja la fito lilikuwa dogo kwa unene wa unywele. Tupa ikamaliza kazi kwa dakika chache.

Mzee wetu akaendelea kutufundisha kwamba vikono vya magurudumu ya kushoto na vya kulia sharti vipishane kwa robo ya mzunguko, yaani digrii 90, ili upande mmoja ukifika mahali ambapo mvuke hauwezi kusukuma, upande wa pili uwe na nguvu kamili. Pia akatukumbusha yale majitu 34 yaliyoundwa na Beyer Peacock wa Manchester mwaka 1955 na 1956 kwa Reli za Afrika Mashariki, kila moja na uzito wa tani zipatazo 250, yakipewa majina ya milima yetu. Moja liliitwa Mount Elgon, mlima ule ule wa Masaba unaoonekana kutoka Mbale. Hata jitu kama hilo lisingevuta behewa moja kama vikono vyake havikupangwa sawasawa.

Hapa ndipo penye hoja yetu. Askari na polisi wamepewa nguvu na taifa, na mwenye nguvu hushawishika kusukuma kila kinachokwama. Raia akisita kujibu kizuizini barabarani, au kuruta akikosea gwaride, mkono hutangulia akili. Meza ya fundi hufundisha kinyume chake, tena bila kumwumiza mtu: simama, fungua, tafuta jozi inayokwama.

Wako watakaosema kwamba masanduku haya hutoka ng'ambo na ni ghali. Ni kweli. Lakini makopo matupu ya maziwa ni bati, na chuma cha kulehemu kipo kwa kila fundi wa redio. Tunapendekeza kila kambi na kila kituo kikubwa cha polisi kiwe na meza moja, jiliwa, tupa na koleo, na wazee wa reli wa Jinja na Mbale waalikwe kufundisha wangali hai.

Garimoshi letu sasa linatembea. Kila tukiliona twamkumbuka yule kuruta, na kabla ya kumkaripia mtu, kwanza twamwuliza.