Barua ya wazi kwa Waziri wa Habari, Mawasiliano na Uchumi wa Kidijitali: Kompyuta za umma na mikono inayotetemeka

Mheshimiwa Waziri,

Maelfu ya huduma za serikali sasa yako kwenye tovuti ya eCitizen, na mkaazi wa Kariobangi anayehitaji cheti cha tabia njema huishia saiba au Huduma Centre ya Makadara. Kwa aliyepatwa na kiharusi, mwenye mtindio wa ubongo au ugonjwa wa Parkinson, shida si kujua anachokitafuta. Shida ni kushikilia vitufe viwili kwa pamoja, kubonyeza herufi moja isijirudie mara nne, na kukifikisha kishale kwenye kisanduku kidogo kabla ukurasa haujajifunga. Dawa ya mengi ya hayo imo ndani ya mashine zenyewe. Tangu Windows 95, kompyuta inaweza kupangwa ikubali vitufe kimoja baada ya kingine, ipuuze mguso wa bahati mbaya, na isogeze kishale kwa vitufe vya nambari badala ya kipanya. Hakuna cha kulipia. Kinachohitajika ni msimamizi asiyeifungia mipangilio hiyo na mhudumu anayejua ilipo.

Wapo watakaosema mhudumu wa saiba amjazie fomu. Nia ni njema, lakini anayejaziwa hulazimika kutaja nywila yake mbele ya foleni, na anayejaza hubaki na njia ya kuzifikia rekodi zake za ushuru na za afya. Hakuna raia anayestahili kuwekwa katika hatari hiyo kwa sababu vidole vyake vinatetemeka. Wengine watasema ukurasa hujifunga haraka kwa ajili ya usalama. Hoja hiyo ina uzito, hasa kwenye mashine inayotumiwa na watu wengi. Hata hivyo ukurasa unaweza kuonya mapema, ukaongeza muda kwa kitufe kimoja na kuhifadhi yaliyokwisha kujazwa. Na mteja anayefuata akihofiwa kuikuta kibodi imebadilika, akaunti ya pili kwenye mashine ileile inatosha. Na kwa watakaosema wanaohitaji haya ni wachache, Kifungu cha 54 cha Katiba ya Kenya kinampa mwenye ulemavu haki ya vifaa vya kushinda vikwazo vyake, wala hakiulizi wako wangapi.

Kiwango cha kitaifa cha ufikivu wa teknolojia ya habari, KS 2952, tunacho tayari. Naomba kitajwe katika kila zabuni ya kompyuta za vituo vya kidijitali vya wadi, kuanzia Kariobangi Kaskazini na Kusini. Mafundi wa Kariobangi Light Industries, wanaokata na kutoboa mabati kila siku, wapewe vipimo vya kibao chenye matundu kinachofunika kibodi, ili kidole kiegemee juu yake bila kugusa kitufe jirani. Na kabla mashine hazijapokelewa rasmi, wazijaribu kwanza wakaazi ambao mikono yao haitulii, na neno lao liwe sharti la malipo.

Mkaazi wa Kariobangi