Katika, Si Kwa

Kila Aprili ikikaribia utasikia mhubiri akituambia tushukuru kwa yote, hata kwa Garissa. Kwa yote? Paulo alipowaandikia Wathesalonike alitumia neno la Kigiriki lenye maana ya 'katika'. Biblia yetu ikaweka 'kwa', na wahubiri wakalisoma kama 'kwa ajili ya'. Hako kaneno kametubebesha mzigo. Katika msiba nitamshukuru Mungu. Kwa ajili ya msiba? Zii.

Tarehe 2 Aprili 2015 Chuo Kikuu cha Garissa kilivamiwa alfajiri, baadhi ya wanafunzi wakiwa kwenye maombi. Watu 148 wakauawa, wengi Wakristo. Makomando wa Recce waliingia jioni. Ati niridhike na hiyo jioni? Ayubu mwenyewe aliteta na Mungu, sura baada ya sura. Serikali ni nani isiulizwe?

Shukrani ninazo, na zina jina: Salah Farah, mwalimu Mwislamu aliyepigwa risasi Desemba 2015 basi la Mandera liliposimamishwa na abiria Waislamu wakakataa kutenganishwa na Wakristo. Alifariki Januari 2016. Huyo mtajeni madhabahuni. Halafu, mkiwa bado mmesimama, ulizeni makomando walichelewa wapi.